Kitanda cha Kupanga: Historia ya Makao ya Wageni Eastlands na Funzo kwa Mwanafunzi wa Leo

  

Ndugu msomaji, kila mwaka majina ya waliopata nafasi chuo kikuu yakitoka, furaha huingia majumbani mwetu. Mama hupiga vigelegele, jirani huja kupongeza, na sheikh wa madrasa huomba dua. Halafu siku mbili tatu zikipita, baba huuliza swali moja tu: "Sasa huko Nairobi atalala wapi?" Kwa kijana wa kiume jibu hupatikana kwa namna fulani, hata kama ni kulala sakafuni kwa binamu. Kwa dada zetu wa Kwale, Garissa, Marsabit au Lamu, swali hilo laweza kuua safari nzima. Binti aliyepata alama nzuri anabaki nyumbani, si kwa sababu hakufaulu, bali kwa sababu hakuna aliyeweza kumhakikishia baba yake chumba chenye mlango unaofungika.

Katika Surat An-Nahl, aya ya 80, Allah anatukumbusha kwamba nyumba ni katika neema Zake, kwamba humo ndimo mtu anamopata utulivu. Basi asiye na pa kutulia atasoma vipi? Na katika mwezi huu mtukufu, atakula daku wapi, na ataswali vipi usiku wake?

Nia ya makala haya si kulia ati maisha ni magumu. Hilo kila mtu analijua. Nataka turudi nyuma kidogo tuangalie historia ya hizi mtaa zetu za Eastlands, maana ndimo wanafunzi wengi wanamoishia: Pangani, Kariokor, Pumwani, Eastleigh, Huruma, Umoja, Buruburu. Ukiijua historia hiyo utaona kwamba taabu ya mwanafunzi wa leo haikuanza leo. Jiji hili lina mazoea ya kuwaita watu na kutowawekea vitanda.

MJI WA RELI

Nairobi ilianza mwaka wa 1899, reli kutoka Mombasa ilipofika hapa na wakubwa wa reli wakaamua kuweka kituo na karakana. Reli ilihitaji watu: mafundi kutoka Bara Hindi, wapagazi, askari, wapishi, makarani. Waafrika waliokuja hawakujengewa. Wakajijengea wenyewe pembezoni mwa mji vijiji vya udongo na makuti ya debe: Mombasa, Maskini, Kaburini, Pangani. Angalia majina hayo. Mengi ni ya Kiswahili, kwa sababu waliotangulia wengi walikuwa watu wa pwani au waliopitia pwani na misafara, na Uislamu ulikuwa umekuja nao. Hata jina la Kariokor linatokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wale waliobeba mizigo ya jeshi la Mwingereza, maelfu yao wakafa kwa njaa na maradhi.

Msimamo wa serikali ya kikoloni ulikuwa wazi. Mwafrika mjini ni mgeni wa muda. Anakuja kufanya kazi, kazi ikiisha arudi kwao. Kuanzia mwaka wa 1920 mwanamume Mwafrika alilazimika kuvaa kipande shingoni, na asiye na kazi aliweza kushikwa kwa uzururaji. Sasa mtu ambaye huhesabu kuwa atakaa, utamjengea nyumba ya nini?

PUMWANI NA WENYE NYUMBA WAKE

Kati ya mwaka wa 1919 na 1923 serikali ya mji iliamua kukusanya vijiji vile mahali pamoja. Ndipo ikazaliwa Pumwani, ambayo sisi huiita Majengo. Vijiji vya zamani vikavunjwa, na wenye nyumba wakapewa viwanja wajenge tena kwa gharama zao. Utawala ulipima barabara na kuweka vyoo na maji ya pamoja. Nyumba zenyewe zilijengwa na wananchi, kwa mtindo wa nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uwani nyuma pa kupikia na kuogea. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na vingine akapangisha.

Hapa kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Wengi katika wenye nyumba hao walikuwa wanawake. Watafiti Janet Bujra na Luise White walizungumza na wazee wa Pumwani, na maandishi yao yanaonyesha jinsi wanawake waliotoka bara, wengine wamekimbia ndoa mbaya, wengine njaa, walivyofika mjini mikono mitupu wakaishia kuwa wamiliki. Historia haifichi kwamba baadhi ya pesa zile zilitokana na pombe na biashara ya mwili. Sisi si wa kuhukumu walio mbele ya Mola wao. Wengi wao walisilimu, wakaingia katika jamaa ya Kiislamu ya mtaa, na ndani ya jamaa hiyo wakapata udugu na wa kuwazika. Lililo muhimu kwetu ni kwamba wakati serikali imekataa kumlaza mgeni, aliyemlaza alikuwa mama wa Majengo, na yeye mwenyewe alikuwa mgeni jana yake.

Mpangaji wa nyumba ile alikuwa na kitu ambacho leo ni adimu: mwenye nyumba aliishi naye. Alijua ametoka wapi, anafanya kazi gani, na usiku anarudi saa ngapi. Ugomvi ukitokea uliishia ukumbini. Sisemi nyumba zile zilikuwa pepo, maana vyoo vilikuwa vya kugombania, mvua ikinyesha matope hadi mlangoni. Lakini usalama haukuwa wa lango la chuma. Ulikuwa wa kujuana.

Na hata hao wenye nyumba hawakuwa na uhakika. Ardhi haikuwa yao kisheria, walipewa ruhusa ya kukaa tu. Pangani ndiyo iliyoonyesha maana ya ruhusa ya namna hiyo: mwishoni mwa miaka ya 1930 ilibomolewa, watu wakahamishiwa mtaa mpya wa Shauri Moyo. Wazee husimulia kwamba jina hilo ni la uchungu: ukubali ukatae, ni shauri la moyo wako.

KUPANGISHWA KITANDA

Baada ya hapo utawala wa mji na waajiri wakaanza kujenga kwa wingi. Shirika la reli lilikuwa na mitaa yake, kama Muthurwa na Makongeni. Miaka ya 1940 zikaja Ziwani, Starehe, Gorofani na Kaloleni. Kaloleni ilijengwa kwa kuwaza familia, ikiwa na nyumba zenye nafasi, miti, na ukumbi ambao baadaye ulikuwa uwanja wa siasa za ukombozi. Lakini sehemu nyingi zilijengwa kwa mtu aliyeitwa "bachela", hata kama ana mke na watoto sita kijijini.

Ndipo ukaja mtindo wa kupangisha kitanda. Hukupangishwa nyumba wala chumba. Ulipangishwa nafasi ya kitanda kimoja ndani ya chumba cha watu watatu au wanne ambao hukuwachagua. Mke akija kukutembelea, mwenzako anatoka nje. Tarehe 30 Machi 1950 Nairobi ilipewa hati ya kuwa jiji kamili, na mwaka huohuo Ernest Vasey akatoa ripoti yake kuhusu nyumba za Waafrika mijini. Mwaka wa 1954 kamati ya Carpenter kuhusu mishahara ikasema lililokuwa dhahiri siku zote, kwamba mfanyakazi hawezi kutulia mjini kama mshahara na nyumba vinahesabiwa kwa mtu mmoja asiye na jamaa. Ilichukua zaidi ya miaka 50 tangu reli ifike kwa jambo hilo kukubalika kwenye karatasi.

Kwa nini nakueleza yote haya? Kwa sababu ukienda leo kutafuta hosteli ya kibinafsi karibu na chuo, utaulizwa unataka kitanda cha chumba cha wawili, cha wanne, au cha sita. Bei ni ya kitanda. Unalala na watu usiowajua, kabati lina kufuli yako mwenyewe, na ukitaka kuswali Tahajjud unatafuta pembe isiyomuudhi mwenzako. Bachela wa Ziwani amerudi, safari hii ana kompyuta na kadi ya chuo.

CHUO KIKUU NACHO

Chuo hakikuanza hivi. Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilipofungua milango Nairobi mwaka wa 1956, wanafunzi walikuwa wachache na bweni lilikuwa sehemu ya masomo. Kikageuka kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1970, na kwa miaka mingi mwanafunzi wa serikali alipata chumba, chakula, na pesa ya matumizi tuliyorithi jina lake, "bumu". Wazee waliosoma wakati huo wakisimulia, sisi husikiliza kama hadithi za Alfu Lela Ulela.

Mambo yakabadilika kwa hatua. Mwaka wa 1990 kundi la kwanza la mfumo wa 8-4-4 liliingia vyuo vikuu, na idadi ikawa kubwa kuliko vitanda. Mapema miaka ya 1990 chakula cha bure kikaondoka, mwanafunzi akawa anakula kadiri ya mfuko wake. Mwaka wa 1995 ikaundwa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Mwaka wa 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha masomo ya wanaojilipia, maarufu kama "paralelo". Vyuo vilipokea watu na karo zao. Vitanda havikuongezeka kwa mwendo huo. Mfumo mpya wa ufadhili wa mwaka wa 2023 ulipanga wanafunzi kwa makundi kulingana na hali ya nyumbani, lakini kwa wengi hesabu ya chumba ilibaki mwishoni, baada ya karo na nauli.

Matokeo yake ni mawili. Wako wanaolala kwa wenzao mabwenini bila idhini, wale makomredi huwaita "mapairati". Na wako wanaoingia mitaani, wakiungana na wafanyakazi, wakimbizi na wachuuzi kugombania chumba kilekile.

Mitaa nayo ilikuwa ikibadilika. Mradi wa Dandora, ulioanza katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uligawa viwanja vipatavyo 6,000 ili mwananchi ajenge kidogo kidogo na kupangisha vyumba alipe deni. Ni ile fikra ya mama wa Majengo, sasa imepewa ramani. Umoja na Buruburu zilijengwa kwa wenye mishahara. Eastleigh, iliyokuwa mtaa wa Wahindi na Wasomali tangu ukoloni, ilipokea maelfu ya watu baada ya serikali ya Somalia kuanguka Januari 1991. Garissa Lodge ilikuwa nyumba ya kulala wageni. Wakimbizi walilala humo usiku, na mchana wakatandaza bidhaa chumbani na kuuza. Biashara ikanoga, mwishowe vyumba vyote vikawa maduka. Ni mafanikio makubwa ya watu waliofika bila kitu, na tunajivunia. Lakini chumba kikiwa na faida zaidi kama duka, mwenye kutafuta pa kulala atasogea mbali. Kodi za Eastleigh zikapanda, na mwanafunzi akasogea Huruma.

Na Huruma tunakumbuka. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa kando ya mto liliporomoka na watu wapatao 50 wakafa. Lilikuwa limewekewa alama ya kubomolewa, na watu waliendelea kulipa kodi. Hakuna aliyehamia pale kwa kutojali roho yake. Walihamia kwa sababu ndicho chumba walichokimudu.

APRILI MBILI

Usalama una sura nyingine pia. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya Mwingereza yaliizunguka Nairobi katika Operesheni Anvil. Eastlands ilipekuliwa nyumba kwa nyumba, Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatengwa, na maelfu kwa maelfu wakapelekwa kizuizini. Mpangaji alitoka asubuhi na hakurudi, kitanda chake kikapewa mwingine.

Aprili 2014, miaka 60 kamili baadaye, baada ya milipuko ya Eastleigh, polisi walipita mlango kwa mlango na maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuhakikiwa vitambulisho. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi wenzetu, waliuawa chuoni Garissa, wengi wakiwa mabwenini mwao. Tunawaombea wafiwa subira, na tunasema bila kigugumizi kwamba aliyeua watu wakiwa vitandani kwao hakuitumikia dini yetu.

Nayataja haya pamoja kwa sababu shaka ikiingia mjini, mpangaji ndiye wa kwanza kuulizwa yeye ni nani. Jina lako, hijabu yako, au pale kitambulisho kinaposema umezaliwa wapi, vyaweza kufunga mlango kabla hujauliza bei. Dawa yake historia imeshatuonyesha: kujuana. Jirani anayekujua atakutolea ushahidi. Jirani asiyekujua atafunga dirisha.

WALIOTUTANGULIA WALIFANYAJE?

Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina, alikaa kwanza nyumbani kwa Abu Ayyub al-Ansari mpaka msikiti na vyumba vyake vilipokamilika. Na katika msikiti huo palikuwa na Suffa, kipenu cha wageni maskini waliokuja kutafuta elimu. Abu Hurayra (R.A.) alikuwa mmoja wao, na tunajua umma umepokea hadithi ngapi kupitia kwake. Hebu fikiri: lau asingekuwa na kipenu kile?

Kutokana na mfano huo Waislamu walijenga. Nidhamiyya ya Baghdad, iliyofunguliwa mwaka wa 1067, iliwapa wanafunzi makao na posho kutokana na mali ya wakfu. Al-Azhar ya Misri ilikuwa na riwaq, makao ya wanafunzi kwa nchi zao, na watu wa pembe yetu ya Afrika walikuwa na riwaq yao ya Jabarti. Karibu zaidi, Riyadha ya Lamu chini ya Habib Swaleh ilipokea wanafunzi kutoka pande nyingi za Afrika Mashariki, bila kuuliza ukoo.

Hawa wote walikuwa na siri moja. Hawakutegemea mchango wa ghafla. Walitenga mali, nyumba au shamba, pato lake likawa la mwanafunzi daima.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tujilinde kwa hekima ya kawaida. Usitume pesa ya dipositi kwa simu kabla hujaingia chumbani kwa miguu yako. Nenda mchana, halafu rudi baada ya Isha uone njia ikoje na stima ziko vipi. Muulize mpangaji wa zamani kuhusu maji, lango, na keateka. Angalia nyufa za kuta na kama ngazi ni moja tu. Chukua risiti kila mwezi. Ni kweli ipo sheria ya kudhibiti kodi tangu mwaka wa 1959, lakini ilihusu nyumba za kodi isiyozidi Sh. 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho soko la Nairobi lilikiacha nyuma zamani. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makao bora. Haki hiyo tuidai, lakini tusilale nje tukiingojea.

Pili, jumuiya yetu iwe na daftari. Kila anayemaliza chuo aandike: chumba kiko mtaa gani, kodi ni ngapi, mwenye nyumba ni mtu wa namna gani, panafaa dada zetu au hapafai. Ni kazi ya kalamu na muda, haihitaji mfadhili. Mgeni wa kwanza wa Majengo alipokewa na mgeni aliyemtangulia. Nasi tufanye hivyohivyo.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tuzungumze na wazee wetu kuhusu wakfu wa makao. Kila Ramadhani tunachangia futari, na Alhamdulillahi ni kheri kubwa. Lakini futari huliwa ikaisha. Chumba kimoja cha vitanda vinne katika nyumba ya mama anayeheshimika mtaani, kodi yake ikilipwa na wakfu wa duka dogo tu la Eastleigh, kitawatoa wasichana wanne kila miaka minne. Msafiri ni miongoni mwa wale wanane waliotajwa katika aya ya zaka, Surat At-Tawba, aya ya 60. Kama mwanafunzi aliye mbali na kwao anaingia humo au la, tuwaachie mashekhe watoe jibu. Lakini swali tuwapelekee kabla mwezi haujaisha, maana muhula mpya hautatungoja.

Enyi wazazi, msiwazuie mabinti. Tusaidieni kuwatafutia mlango. Na wewe ndugu yangu mwenye chumba cha ziada Pangani au Buruburu, kumbuka nyumba ya Abu Ayyub. Hakuwa tajiri kuliko wote Madina, na jina lake twalitaja hadi leo.

Tunamuomba Allah azikubali saumu zetu, awape makao mema wanaotafuta elimu, na awarehemu waliotulaza sisi na wazee wetu katika mji huu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhani Mubarak.